Saa Kumi Tunafunga

Nafula mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana chai ya asubuhi tumekunywa pamoja na kikombe chako bado kiko hapa mezani, sijakiosha. Leo ni siku ya kazi lakini nimefunga kibanda tangu saa sita. Nimekuja kukaa chumbani kwako, juu ya kitanda ambacho kesho kitabaki bila mwenyewe, na nimeazima kalamu yako ile ya bluu.

Mambo ya kufunga mlango, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutembea na kitambulisho, baba yako amekuambia wiki nzima na najua kesho atakuambia tena kabla gari halijaondoka. Mimi nayaruka. Nina jambo moja tu. Ningependa kukuambia kwa mdomo, lakini kila nikianza unaniambia, "Mama, si tumeongea?"

Ni ile simu ya Jumanne. Ulikuwa umesimama karibu na tangi la maji, unaongea na msimamizi wa maabara kule Bungoma, yule atakayekuwa mkubwa wako. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikakusikia unacheka na kumwambia, "Mimi sina shida, madam. Nipange hata Jumapili. Nipange hata usiku, mimi si mtu wa kuchoka." Ulipokata simu ulikuwa na furaha, ukaniambia ati amekupenda hata kabla hajakuona. Nikakujibu ni vizuri. Kisha nikabaki nimeshika shuka iliyolowa mpaka maji yakanishuka kwenye viatu.

Sikuogopa kazi yako. Nimeomba miaka upate kazi hiyo. Niliogopa kwa sababu ile sauti naijua. Ilikuwa sauti yangu.

Wewe unanijua mimi kama mama anayefika nyumbani jua likiwa bado juu, anayevua viatu mlangoni na kuuliza nani amekula ndizi zote. Yule mwingine aliyekuwepo kabla humkumbuki vizuri, na sikumtaja kwako kwa sababu ananitia aibu. Leo nataka umjue.

Nilipofungua kibanda hapa Kitale, mtaa wa Tuwan, nilikuwa na cherehani moja, ya mguu, na wewe ulikuwa bado unatambaa. Baba yako alikuwa kwenye kambi za ujenzi wa barabara huko Turkana, anarudi nyumbani mara tatu kwa mwaka. Nilishona kila kitu kilichokuja: sare za shule, nguo za kwaya, mapazia, suruali iliyopasuka matakoni. Sikumwambia mtu hapana. Mteja akiniuliza kama itakuwa tayari kesho, nasema kesho, hata kama kesho hiyo nimeshaiahidi watu wengine sita. Majirani wakaanza kunisifu. Walikuwa wakipita alfajiri wananikuta, wanarudi jioni wananikuta, wanasema, "Huyu Mama Nafula ni mashine." Nilikuwa nainama juu ya kitambaa wasinione ninavyotabasamu. Nataka nikuambie ukweli huo kwanza, kwamba nilipenda. Kuchoka kulinifanya nijione mtu wa maana.

Kwenye baraza hilo hilo, ukuta mmoja tu wa mbao kati yetu, alikuwepo Mama Chebet. Yeye unamkumbuka kwa ile sauti yake nzito na vitunguu anavyotuletea kila mara anaposhuka kutoka Kaptama, mlimani, alikorudi kulima. Wakati huo alikuwa fundi kama mimi, na kazi zetu zilikuwa zile zile. Tofauti ni kwamba ikifika saa kumi alasiri, anafunika cherehani yake, anafagia nyuzi, anafunga mlango, anaenda. Kila siku. Hata Januari, wakati wazazi wanapanga foleni na vitambaa mikononi. Nilimwona kama mwanamke mvivu ambaye mume wake anamlisha. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa mjane, na watoto wanne.

Sasa nifike kwa lile ambalo nimelizunguka.

Ulikuwa na miaka sita. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, nami nilikuwa na sare za shule moja nje ya mji, kule eneo la Kwanza. Mwalimu mkuu alituma pikapu ije ichukue mzigo, na dereva akawa anapiga honi kule barabarani, ana haraka. Nilifunga marobota, nikayapakia, nikatia kufuli, nikapanda mbele ili nikahakikishe vipimo huko huko shuleni. Tulifika Kwanza. Nilianza kutoa sketi moja moja na kumkabidhi mwalimu wa zamu. Nikashika moja ndogo, ya kimo chako hasa, na hapo ndipo nilipokukumbuka.

Ulikuwa umelala chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya nguo, pale ulipokuwa unalala kila mchana. Nilikuwa nimekufungia ndani.

Sitaki kuandika jinsi nilivyorudi. Nilimlilia dereva mpaka akanifikisha barabara kuu, nikapanda pikipiki. Nilipofika Tuwan ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili, na Mama Chebet alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, mgongo kwenye mlango wangu. Alikuwa amesikia kilio akiwa anafagia. Kufuli ilimshinda. Basi akakaa, akawa anakuongelesha kupitia ufa wa mbao, akakusimulia habari za ng'ombe wa kwao mmoja baada ya mwingine, kwa majina, na kukupitishia vipande vya ndizi kwa kidole. Hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona pale baada ya saa kumi. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningepata la kujibu. Alinyanyuka tu, akajipangusa, akaniambia, "Amelala tena. Fungua polepole asishtuke."

Mtu mwenye akili angejiuliza usiku ule apunguze nini. Mimi pia nilijiuliza. Na badala ya kupunguza kazi, mwanangu, nilikupunguza wewe. Jumamosi iliyofuata nilikupeleka Kimilili kwa mama yangu, Kukhu wako. Niliwaambia watu ni kwa muhula mmoja, mpaka wateja wa Januari waishe. Wateja wa Januari wakaisha, wakaja wa Pasaka. Muhula mmoja ukawa miaka mitatu.

Nilikuwa nakutumia nguo. Hilo nililishika sana. Nguo zako zilikuwa nzuri kuliko za mtoto yeyote Kimilili, na kila moja ilikuwa inakubana, kwa sababu nilikuwa nakata kwa kukisia.

Nilikuja kuwaona mara chache, na kila mara nikiwa njiani kwenda kwingine. Mpaka ile Desemba nilipokuja bila kuwaambia, kukaa siku nne. Ulikuwa nje unachezea mpira wa matambara. Uliponiona langoni ukauacha mpira na kukimbia, nami nikaweka begi chini nikakunjua mikono. Ukanipita. Uliingia ndani, ukatoka umebeba kile kiti cha wageni chenye kitambaa cha kufuma, ukakiweka kivulini, ukakipangusa. Kisha ukanipa mkono ukaniuliza, "Habari za Kitale?" Ukaniletea maji ya kunawa. Nilipokaa ulisimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja mgeni aseme neno.

Nilikunywa chai yote bila kuisikia ladha. Jioni mimi na Kukhu tulikuwa tunachambua maharagwe, sisi wawili. Alisema bila kuinua macho.

"Mtoto ana adabu. Kukaribisha wageni nimemfundisha mimi. Kwamba wewe ni mgeni, umemfundisha mwenyewe."

Nilirudi nawe Kitale Januari. Natamani nikuambie kwamba hapo ndipo nilipobadilika. Sivyo. Nilikuwa nataka kubadilika, lakini kutaka hakukuniambia nifanye nini saa tisa mchana watu watano wakiwa wamesimama mlangoni. Sikujua kazi ndogo inafanywaje. Nilijua kufanya kazi zaidi tu. Ukawa unatoka shule unakuja kukaa kibandani, unaandika kazi zako kwenye kona ya meza, na mimi nakuuliza umeshiba bila kukutazama.

Kilichonisimamisha ni sketi. Shule ile ile ya Kwanza ilileta kitambaa kwa ajili ya wasichana wa darasa la nne na la nane, sketi za marinda, na karatasi mbili za vipimo. Nilikata jioni, macho yakiwa yamejaa mchanga. Nilikata sketi zote za darasa la nne, nikachukua karatasi, nikakata za darasa la nane. Asubuhi nilipozipanga niliona mirundo miwili imelingana. Nilikuwa nimesoma karatasi ile ile mara mbili. Wasichana wakubwa wa darasa la nane, wenye nyonga, nimewakatia sketi za watoto wa miaka kumi. Na kitambaa kikishakatwa hakirefuki.

Nilikaa chini. Sikulia hata. Mama Chebet alikuja kuazima pasi, akaona mirundo, akapima mmoja kwa macho, akaelewa. Aliniambia, "Leo usishone kitu. Mpigie mwalimu umwambie ukweli, halafu nenda ulale." Nilimwambia siwezi kulala, nina kazi. Akaniambia kazi yenyewe ndiyo ile pale, imelala mezani.

Nilimpigia mwalimu mkuu. Akaniongezea wiki moja, na kitambaa ikanibidi nikitafute mwenyewe. Mama Chebet akasema atanisaidia nusu ya kazi, ila kwa mtindo wake, na saa kumi tunafunga. Nilikubali kwa sababu sikuwa na la kufanya. Moyoni nilijua hatutamaliza.

Tulimaliza Alhamisi, siku moja kabla.

Nafula, nilikaa karibu na mwanamke huyo miaka tisa nikimwita mvivu, na sikuwahi kugeuza shingo kuona anafanya nini. Kumbe asubuhi, macho yakiwa mapya, alikuwa anakata. Kukata tu. Baada ya chakula cha mchana hakugusa mkasi hata ungemlilia, kwa sababu mkasi hausamehe. Mchana ulikuwa wa kazi ambayo mikono inaijua bila kichwa: kupinda, kushikiza vifungo, kupiga pasi. Mimi nilikuwa nachukua shati moja nalianza na kulimaliza, kisha la pili, kisha mteja anakuja kupimwa, kisha simu, kisha narudi sijui nilikuwa kwenye kola au kwenye mfuko. Yeye alishona kola zote siku moja. Mikono ikishazoea kola, ya kumi inajishona yenyewe. Vipimo alichukua Jumatatu na Alhamisi, na aliyekuja siku nyingine alimkaribisha vizuri sana, akamwambia arudi Alhamisi. Nilidhani watamkimbia. Walirudi Alhamisi. Simu ilikuwa kwenye droo, chini ya zipu, mpaka saa saba.

Na ukutani alikuwa na mistari ya chaki, mmoja kwa kila kazi ya wiki. Mistari ikijaa, imejaa. Mteja wa baadaye alimpeleka kwa fundi mwingine au akampa wiki ijayo. Miaka yote hiyo nilikuwa napokea watu wanaotoka kwake, najisifu kwamba wamemkimbia. Ni yeye aliyekuwa ananitumia wateja hao.

Nikamwuliza kwa nini saa kumi na si saa kumi na moja. Akaniambia kwamba kama hujui utaacha saa ngapi, hutajua ni kitu gani cha kuacha. Ndiyo maana yeye hakupiga pasi nguo mara tatu kama mimi, wala hakushona mishono miwili ndani ya mfuko ambao hakuna atakayeufunua. Nilibishana naye kuhusu ile mifuko, bana, nilibishana kweli, kwa sababu niliiita ubora. Siku moja alinitaka nimtaje mteja hata mmoja aliyewahi kuisifu. Nikafikiri, na ile mishono nikaiacha.

Siku ya kwanza niliyofunga saa kumi nilitembea nyumbani kama mtu aliyeiba. Nilipita njia ya nyuma nisikutane na wateja. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini na daftari, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimekuambia uende nyumbani moja kwa moja. Ukanitazama, ukatazama jua, ukaniuliza, "Umefukuzwa kazi?"

Nikakuambia hapana. Ukaniuliza tena kama ninaumwa. Nikakuambia nimekuja tu. Tukakaa. Mwanangu, sikujua la kusema nawe. Mikono yangu ilikuwa imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Nikasema nitapika mboga ya mrenda, nikaanza kuukoroga, na wewe ukaja ukasimama nyuma yangu, ukavumilia, ukashindwa. "Mrenda haukorogwi hivyo, Mama. Utaukata ute wake. Lete." Ukachukua mwiko. Ulikuwa unapika kama Kukhu, umeinamisha kichwa upande mmoja, na magadi uliyapima kwa vidole viwili. Ulinifundisha kupika jioni ile. Nilikuwa na mtoto wa miaka tisa anayejua mambo ambayo sikuwepo alipokuwa anajifunza.

Nilikula nikashiba kuliko siku nyingi. Na ulipokuwa unaosha vyombo uliimba kitu ambacho sikijui. Sikukuuliza ni wimbo gani, niliogopa utaacha.

Usidhani kilichofuata kilikuwa rahisi. Mwezi wa pili wa mtindo huo nilianza kuona kwamba namaliza kazi zangu saa nane, basi nikaongeza mistari ya chaki ukutani kwangu. Nikafurahi. Kazi zaidi ndani ya saa zile zile, nikajiona mjanja. Mama Chebet akaniuliza, kwa upole, "Umeharakisha ili upate nini?" Nilikasirika siku mbili. Swali hilo ndilo ninalokuachia, kwa sababu utakutana nalo. Wewe una kichwa chepesi. Utajua njia za mkato za kazi yako kabla ya mwaka kuisha, na saa zitabaki mikononi. Watu watakuletea vya kuzijaza, kwa nia njema kabisa, na usipokuwa umeamua mapema ni za nini, utawapa.

Mimi za kwangu niliamua ni zako. Nilikusuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka ukaniomba niache. Nilikuja kukuona ukicheza voliboli, nikajifunza kelele za kupiga na wakati wa kuzipiga. Baba yako aliporudi kutoka kambini alitukuta jioni moja tumelala kwenye mkeka nje, hatufanyi kitu, akauliza kuna msiba gani.

Wapo wateja niliowapoteza. Mama mmoja alisema wazi sokoni kwamba nimeanza maringo. Kuna miezi tulikula mboga zaidi ya tulivyopenda, na cherehani ya pili niliyokuwa naiota ilichelewa miaka. Sikufichi. Na ulipoingia chuoni nilirudi kufanya kazi mpaka giza kwa muhula mzima, kwa sababu ilibidi. Kuna majira ya namna hiyo, na utayapata. Tofauti ni kwamba safari hii niliandika kwenye kalenda siku ya kuacha, nikamwonyesha baba yako, na siku ilipofika yeye ndiye aliyekuja kufunika cherehani.

Sasa turudi kwenye simu yako.

Najua kwa nini ulisema vile. Ulitaka wakupende. Hata mimi ningemwambia hivyo. Lakini mimi nilikata sketi, Nafula. Sketi zikiharibika kinachopotea ni kitambaa na uso wa fundi. Wewe utakuwa umeshika damu ya mtu kwenye kichupa, na jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo, na mtu mwenyewe amekaa nje kwenye benchi anangoja kuambiwa ataishi vipi. Macho yaliyochoka yanasoma karatasi moja mara mbili. Hayakuambii yamechoka. Mimi yangu yaliniambia nasoma vizuri kabisa. Kwa hiyo ukipumzika usijione unamwibia mtu. Unamlinda yule wa kwenye benchi.

Mkubwa wako akikuomba kitu, usimjibu pale pale. Mwambie utaangalia kisha utamwambia. Neno hilo moja lilinichukua miaka kulitamka, na bado likinitoka linakwaruza. Ukiona ni haki, kubali kwa moyo. Ukiona siku zako zimejaa, mwambie zimejaa, kwa heshima, bila hadithi ndefu za kujitetea. Atanuna kidogo. Kisha atazoea, kama wateja walivyozoea Alhamisi. Atakachokijua ni kwamba ukisema ndiyo, ni ndiyo.

Na jioni zako usizingoje zijipange. Tafuta wasichana wa kucheza nao voliboli, hata kama mnacheza vibaya. Tafuta kwaya, au tuta la mboga nyuma ya nyumba, au kulala tu mchana wa Jumamosi mdomo wazi. Kiwe kitu kisichokuletea sifa yoyote, na usimwambie mtu ni kwa ajili ya afya.

Kimilili iko karibu nawe kuliko ilivyo karibu nasi. Nenda kwa Kukhu. Usiende na begi la kazi, wala usiende ukiwa njiani kwenda kwingine, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Kaa mpaka akuchoke, mpaka akutume kuteka maji kama mtu wa nyumbani. Yeye alinifanyia kazi ambayo ilikuwa yangu, na hajawahi kunikumbusha isipokuwa ile mara moja juu ya maharagwe.

Kuna jambo sijakuambia miaka yote hii. Tumelizoea likiwa halijasemwa, na wewe una moyo mzuri, ungejifanya huelewi ninazungumzia nini. Ile miaka mitatu, Nafula, haikuwa lazima. Niliwaambia watu ilikuwa lazima, nikakuambia na wewe, na nilijiambia mwenyewe kwenye cherehani kila siku. Kazi ile ingeweza kungoja, au kupungua, au kwenda kwa fundi mwingine, na tungeishi. Nilikosea, na aliyelipa ni mtoto. Nisamehe. Huhitaji kunijibu, na kesho usilie mbele ya baba yako kwa sababu hii, atadhani nimekuandikia habari za ugonjwa.

Nilitaka pia kukuandikia kuhusu wanaume, na kuhusu kanisa, na kuhusu yule binamu yako wa Webuye anayependa kukaribishwa na kusahau kuondoka. Nimeanza ukurasa mwingine kwa ajili hiyo. Lakini nakusikia huko nyuma ya jikoni, wewe na baba yako, mnachoma mahindi mabichi ya shamba letu na kubishana kama yameiva, na yeye amecheka kile kicheko chake cha kukohoa. Jua bado lipo. Ukurasa wenyewe hauna kitu ila jina lako juu, nami sioni sababu ya kuujaza.

Naweka kalamu. Nakuja kula mahindi.

Mama